SAFARI ZA MWALIMU: Neno Gereza

Walimu wenzangu wa vigango vya Shinyanga na Geita kila mwezi hunishika mkono njiani na kuniuliza, "Safari hii utaandika nini?"

Safari hii nitaandika habari za ngome za kale za visiwa vya pwani, ambazo nalikwenda kuzitazama wakati wa likizo ya Juni. Lakini kwanza imenipasa kueleza sababu yake. Mtu wa kwetu haiachi pamba yake shambani, akatumia nauli kwenda kutazama kuta zilizobomoka, pasipo jambo la kumsukuma. Jambo lililonisukuma mimi ni neno moja tu, nalo ni neno "gereza".

Ilikuwa hivi. Jumamosi moja nalikuwa nikiwafundisha watoto matendo ya huruma, nikafika pale pasemapo kuwatembelea wafungwa. Mtoto mmoja mwenye kupenda vitabu akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, nimesoma katika kamusi ya shule kwamba neno gereza latoka katika Kireno, na maana yake huko ni kanisa. Je, ni kweli?" Darasa zima likacheka. Nami nalicheka kidogo, kwa kuwa nalidhani mtoto amesoma vibaya.

Walakini katika benchi la nyuma alikuwako kijana mwingine, ambaye kaka yake mkubwa yu kifungoni mwaka wa pili sasa, kwa kosa la kuchukua usiku mawe ya dhahabu katika duara la mtu. Yeye hakucheka. Aliinama akawa anakwaruza benchi kwa ukucha. Baada ya somo akaningoja chini ya mwembe, hata wenzake wote wakaondoka, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kama gereza na kanisa ni neno moja, mbona kanisani twaenda, na kule kwa kaka yangu hatuendi?"

Nikamjibu, "Nitatafuta habari, kisha nitakuambia." Lilikuwa jibu la kukimbia. Kila mwalimu alijua jibu la namna hiyo.

Usiku ule nalifungua kamusi, nikaona ya kuwa mtoto wa kwanza alisema kweli. Wareno huliita kanisa "igreja", na wajuzi wa lugha husema kwamba neno hilo ndilo lililogeuka vinywani mwa watu wa pwani likawa gereza. Wala si neno hilo peke yake walilotuachia. Meza tuliayo chakula, leso wanazojifunga mama zetu, bendera ya shule, hata neno padri, yote yalikuja na merikebu zao. Na wale wachezao karata, ambao siwasifu, wanapoitaja karata ya uru hawajui ya kuwa wanataja dhahabu kwa Kireno.

Basi kamusi ilinionyesha neno lilikotoka, lakini haikunionyesha njia lililopita. Nyumba ya sala iligeukaje kuwa nyumba ya wafungwa? Nalisumbuka na jambo hilo wiki nyingi. Kisha ikawa binti wa ndugu yangu anaolewa Dar es Salaam, nami nalialikwa. Nikasema moyoni, Nikiisha kula pilau ya arusi nitaendelea mbele hata Kilwa.

Nalitoka Geita nikapita Shinyanga kumwamkia mama yangu, nikapanda basi alfajiri, na usiku wa siku ile ile nikashuka Dar es Salaam. Babu zetu Wasukuma na Wanyamwezi waliitembea njia ya pwani kwa miguu, miezi mitatu na zaidi, pembe za ndovu mabegani. Mimi nalilalamika kwa kuumwa na kiuno kwa siku moja. Habari za arusi siziandiki, ila ilikuwa njema, na watani wetu Wazaramo walinitania hata nikakosa pa kuweka uso.

Baada ya arusi nikaenda Kilwa pamoja na mpwa wangu, ambaye ni fundi seremala. Njia ni nzuri. Mto Rufiji, ambao zamani uliwazuia wasafiri wa kusini siku nyingi wakati wa mafuriko, wavukwa kwa daraja refu lililofunguliwa mwaka 2003, nalo laitwa kwa jina la Rais Mkapa. Pale Nangurukuru njia yagawanyika. Ukishika mkono wa kushoto utafika Kilwa Masoko, na ng'ambo ya maji utakiona kisiwa chenyewe, Kilwa Kisiwani. Twalilipa kiingilio, tukapewa ruhusa, tukaingia katika mashua ya tanga. Nimezoea maji ya Ziwa Victoria tangu utoto, lakini haya yalikuwa mengine. Nikachovya kidole nikaonja. Mwenye mashua akacheka, akasema kila mtu wa bara hufanya hivyo.

Kabla mashua haijagusa mchanga utaliona Gereza. Ndilo jina lake, na wenyeji hawaliiti jina jingine. Limesimama karibu na maji, lenye minara ya duara katika pembe mbili zinazokabiliana, na mlango mkubwa wa mbao iliyochongwa. Sehemu ya ukuta imekwisha kuanguka kwa kupigwa na bahari miaka mingi. Mpwa wangu alisimama mlangoni akapapasa mbao zile kama mtu apapasaye ng'ombe anayetaka kumnunua, wala hakutaka kuondoka. Mimi nalimfuata mzee wa kisiwani aliyetuongoza.

Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Nyumba hii yaitwa Gereza. Ni nani waliofungwa humu?"

Akajibu, "Marahaba, mwalimu. Jina tumelikuta."

Nalidhani ya kuwa ananikwepa, kama nilivyomkwepa yule kijana chini ya mwembe. Lakini nalipokwisha kusikia habari zote nalifahamu kwamba jibu lake lilikuwa sahihi kabisa. Watu wa pwani wa zamani waliita gereza kila boma la mawe lenye mizinga. Maana ya nyumba ya wafungwa ilikuja baadaye. Wazee wake hawakuwa wakisema habari za wafungwa hata kidogo. Walikuwa wakitaja kitu walichokiona.

Kuta zenyewe ni za matumbawe, yaani mawe ya baharini. Hukatwa mwambani, na mengine huchomwa juu ya lundo kubwa la kuni hata yakawa chokaa, na chokaa hiyo ndiyo iunganishayo mawe. Kwa hiyo nyumba nzima ni bahari iliyokauka, jiwe na udongo wake. Sisi tujengao kwa matofali ya tope hatungedhani ya kuwa yaweza kudumu, nayo imedumu.

Sasa nitaeleza habari za kisiwa hiki kidogo, kwa kuwa zinatuhusu sisi wa nchi ya dhahabu kuliko nilivyotazamia.

Miaka 700 iliyopita Kilwa ilikuwa mji mkubwa wa biashara kuliko miji yote ya pwani yetu. Utajiri wake ulitoka katika dhahabu, wala dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa. Ilichimbwa na watu wa bara, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, ikachukuliwa hata bandari ya Sofala, iliyo katika nchi ya Msumbiji, na masultani wa Kilwa waliitawala biashara yake na kutoza ushuru. Kwa mali hiyo Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliukuza Msikiti Mkuu, ambao kuba zake unaweza kuziona hata leo, akajenga na jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea la pembe nane. Neno husuni nalo kwa Kiarabu ni ngome. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri wake. Na sarafu moja ya shaba ya sultani yule imeonekana katika magofu ya Great Zimbabwe, mbali sana barani. Nalipoambiwa hilo nalifurahi; kumbe hata mtu wa bara aliishika mkononi sarafu ya Kilwa.

Lakini nalipokuwa nimesimama katika vyumba vile vya Husuni Kubwa visivyo na paa, nalikumbuka vijana wetu. Geita imechimbwa dhahabu tangu zamani za ukoloni. Mgodi wa kwanza mkubwa ulifanya kazi hata mwaka 1966, na mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Na kando kando yake wachimbaji wadogo hawana hesabu. Twajua kazi ile ilivyo. Mmoja hushuka ndani ya duara, wa pili huvuta kamba, wa tatu hupeleka mawe kwenye karasha, na mama mwenye mtoto mgongoni huosha mchanga mwaloni. Mwenye koleo si ndiye ajengaye vyumba mia. Haikuwa hivyo wakati wa Sofala, wala sijaona kijiji chetu ambacho ni hivyo leo.

Wareno walikuja kwa ajili ya dhahabu ile ile. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliingia bandari ya Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamtisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kwamba asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi, mji utapigwa. Akalipa kwa dhahabu. Mwaka uliofuata Vasco da Gama aliifikisha dhahabu hiyo Lisbon, na mfalme Manuel akaagiza itengenezwe monstransi, yaani chombo cha kuonyeshea Sakramenti Kuu. Mfua dhahabu Gil Vicente aliimaliza mwaka 1506. Ipo hata leo, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Lisbon, nayo huitwa Monstransi ya Belém. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti wakiizunguka mahali pa Sakramenti, kila mmoja kwa sura yake, na wote ni wa dhahabu ya Kilwa.

Ndugu zangu, nalipoisikia habari hiyo nalikaa juu ya jiwe. Katika kigango chetu yupo mzee mmoja, mweka hazina, ambaye mchimbaji akileta punje ya dhahabu kuwa sadaka, humwuliza mbele ya watu, "Hii imetoka duara la nani?" Wengine humwona mkali, na mimi mwenyewe nimewahi kumnong'oneza apunguze maneno. Tangu Kilwa sijamnong'oneza tena.

Tena yako mengine. Mwezi wa Julai mwaka 1505 walikuja Wareno wengine, mkubwa wao Francisco de Almeida, nao hawakuridhika na kodi, waliuteka mji. Mjerumani aliyekuwa pamoja nao, Hans Mayr, ameacha habari iliyoandikwa. Yeye asema kwamba mji ulipokwisha kushikwa, mapadri Wafransisko walishuka pwani na misalaba miwili kwa maandamano, wakiimba wimbo wa kumshukuru Mungu, wakaenda hata jumba la mtawala. Wakausimamisha msalaba, na jemadari akasali. Kisha watu wote wakaanza kuunyang'anya mji mali yake na vyakula vyake. Haya hayakuandikwa na adui yao. Yaliandikwa na mwenzao, wala haonekani kuona ajabu.

Halafu walichagua nyumba moja imara karibu na maji, wakabomoa nyumba zilizoizunguka, wakaifanya ngome, wakaiita kwa jina la Mtakatifu Yakobo. Hiyo ndiyo asili ya Gereza la Kilwa. Hawakukaa sana, biashara ilikufa, maradhi yaliwapata, na mwaka 1512 wakaiacha. Ngome tuionayo leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waarabu wa Omani, yapata mwaka 1800, nao walijenga juu ya misingi ya wale wa kwanza.

Mzee akatuonyesha jinsi bahari inavyokula ufuo, na mikoko iliyopandwa ili kuuzuia. Magofu ya Kilwa Kisiwani pamoja na ya Songo Mnara yaliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika hesabu ya mambo yaliyo hatarini, na baada ya kutengenezwa yakatolewa humo mwaka 2014. Mbuzi wa kisiwani hawajui habari hizo, wanapanda kuta wapendavyo.

Tukarudi Dar es Salaam. Mpwa wangu akarejea kazini kwake, na mimi nikavuka kwenda Unguja kwa boti, mwendo wa saa mbili hivi. Ngome Kongwe i mbele yako mara ufikapo ufuo wa Forodhani, nayo ni nzima kuliko ya Kilwa, kuta ndefu za rangi ya udongo zenye meno juu. Jirani yake lilikuwa Jumba la Maajabu, ambalo upande wake mmoja ulianguka siku ya Krismasi mwaka 2020.

Hapa ndipo nalipoiona njia ya neno kwa macho. Wareno walikuwa na kanisa mahali hapo. Waarabu wa Omani walipowashinda, mwishoni mwa mwaka 1698, walijenga ngome papo hapo, na mabaki ya kanisa yakawa ndani ya ukuta wa ngome. Ukiingia utaonyeshwa dalili zake. Baadaye, katika karne ya 19, ngome ile ile ilitumiwa kuwafungia wahalifu. Basi mahali pamoja, bila kuhama hata hatua kumi, palikuwa kanisa, pakawa ngome, pakawa kifungo. Watu wa Unguja hawakuhitaji kamusi. Leo ni mahali pa furaha; wauza picha wamepanga picha zao kivulini, na usiku hupigwa muziki katika uwanja wa ndani. Nalinunua soda nikainywa pale nikitazama ukuta, na kijana mwuzaji akaniuliza kama nimepotewa na kitu.

Ngome ya tatu sikuiendea safari hii, maana fedha zilikwisha. Nalikwisha kuiona miaka michache nyuma, tulipokwenda Mombasa walimu kadhaa kwa basi kupitia Tanga. Ni Fort Jesus, yaani Ngome ya Yesu. Siku ile nalitembea ndani yake nikila karanga, nikaona mizinga, nikapigwa picha, nikatoka. Sasa nimelazimika kuirudia kwa moyo, kwa kuwa Mombasa nayo ni kisiwa, na habari ya neno letu haitimii bila yake.

Ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya mfalme Philip, aliyetawala Hispania na Ureno pamoja, na aliyeichora ni Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu, umbo lake ni kama la mtu aliyelala chali. Ndani yake mlikuwa na kanisa dogo. Nje yake waliishi Wareno, na mapadri wa Mtakatifu Augustino, na Waafrika waliobatizwa.

Huko ndiko kulikotokea habari ya Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, aliuawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno. Mtoto akachukuliwa angali mdogo hata Goa katika Bara Hindi, akalelewa na mapadri, akabatizwa Jerónimo, akasoma, akatumika katika merikebu zao. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mtawala Mkristo. Lakini jemadari wa ngome alimdharau mbele ya watu wake. Yusuf akawa akienda kwa siri usiku kusali kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya baba yake. Akaonekana, akapelelezwa. Tarehe 16 Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamwua jemadari kwa mkono wake mwenyewe, na baada ya hapo wakauawa mapadri na Wakristo wengi waliokataa kuiacha imani yao, Wareno na Waafrika, wanaume kwa wanawake.

Mimi siwezi kumsifu Yusuf. Damu ya wale wasio na silaha haioshwi kwa kusema kwamba yeye naye alitendewa vibaya. Lakini walimu wenzangu, tusiwasimulie watoto nusu ya habari. Wale waliokufa tuwataje kwa heshima, na hasa wale Waafrika ambao hawakuwa na mizinga wala merikebu ya kukimbilia. Na katika somo lile lile tutaje kaburi la yule baba. Kijana alifundishwa sala na watu wa nyumba ile ile iliyomwua mzazi wake. Nimefundisha watoto zaidi ya miaka ishirini, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko mizinga.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Wareno walirudi mwaka 1632. Waomani waliizingira ngome tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, karibu miaka mitatu, njaa na tauni zikawamaliza waliokuwa ndani, ikaanguka. Wareno wakaipata tena kwa muda mfupi mwaka 1728, wakaipoteza mwaka uliofuata. Wamazrui wakaitawala karibu miaka mia, kisha masultani wa Unguja. Na Waingereza walipoishika nchi wakaifanya jela, tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958. Hesabuni wenyewe: miaka 63 mtu wa Mombasa aliweza kuhukumiwa kifungo ndani ya nyumba yenye jina la Yesu. Baada ya hapo ikawa jumba la makumbusho, na mwaka 2011 ikaandikwa katika urithi wa dunia.

Hii basi ndiyo njia ya neno, kwa kadiri nilivyoielewa. Mgeni alisema "igreja" akimaanisha altare na kengele. Mwenyeji, aliyesimama nje, hakuiona altare. Aliona ukuta, na mdomo wa mzinga juu ya ukuta, na mlango unaofungwa usiku. Akalichukua neno akalitia katika kile alichokiona. Hakukosea kusikia.

Nalirudi Geita siku ya Alhamisi. Jumamosi nikamwita yule kijana chini ya mwembe ule ule, nikamsimulia yote kama nilivyowasimulia ninyi, nikamchorea ngome chini kwa kijiti, kanisa hapa, mizinga hapa. Alisikiliza kimya. Nilipokwisha akaniuliza, "Hao waliofungwa katika ngome ile ya Mombasa, walikuwa wakisali?"

Nikasema, "Bila shaka wako waliosali."

Akasema, "Basi palikuwa kanisa bado."

Sikuwa na neno la kuongeza. Nikamwuliza siku ya kuwatembelea wafungwa ni ipi. Akaijua, na saa yake akaijua, ingawa hakuwa amekwenda hata mara moja, kwa kuwa mama yake aliona haya na watu wa kigango hawakumwambia neno. Mimi nalikuwa mmoja wa watu hao.

Tukaenda Jumapili iliyofuata, kijana, mama yake, mimi, na yule mzee mweka hazina, ambaye alisema mwenyewe kwamba atakuja. Tulichukua sabuni na mafuta ya kupaka. Askari wa mlangoni akaandika majina yetu, akatungojesha kivulini, kisha akatuita. Kaka alipotokea na kumwona mdogo wake alisimama kwanza, kama mtu asiyeamini, akamtazama mama yake, kisha akauliza habari za ng'ombe. Mama akajibu habari za ng'ombe, mmoja mmoja, kwa rangi zao. Hivyo ndivyo walivyozungumza karibu dakika zote tulizopewa. Mzee mweka hazina akamwuliza kama ana shida gani. Akasema kwamba Jumapili wako kumi na wawili au zaidi wanaokusanyika kuimba, kila mmoja kwa kile anachokikumbuka, na beti za mwisho huwapotea, kwa kuwa kitabu cha nyimbo hawana.

Tutakwenda tena Jumapili ya tatu ya mwezi huu, na askari ametuambia kwamba vitabu vyaruhusiwa baada ya kukaguliwa. Mwenye kitabu cha nyimbo nyumbani kwake, hata kikiwa kimechakaa au kimetoka jalada, tafadhali akilete kwangu kabla ya siku hiyo, au amkabidhi mwalimu wa kigango chake aniletee. Vinane nimekwisha kuvipata.